Ganda la Mzinga Lililopasuka Likiwa Limetulia

Wafua chuma wakiniona nachukua shaba iliyoiva motoni na kuitumbukiza kwenye ndoo ya maji, hushtuka. Chuma cha patasi ukikipoza ghafla kinakuwa kigumu hadi kukatika. Shaba ya manjano, ile iliyochanganywa na zinki, ndiyo ninayofua mimi, na maji hayaifanyi kitu. Inayoifanya ngumu ni nyundo, na dawa yake ni moto. Kila dele la kahawa linalotoka kwangu hapa Mji wa Kale, Mombasa, limerudi makaani mara nyingi kabla ya kupata tumbo lake. Ukipiga bila kuipumzisha, shaba hubadilisha mlio, nyundo ikaanza kuruka, na baada ya hapo ni ufa.

Nayaandika haya kwa sababu ya mama mmoja wa Kisauni aliyeniletea ganda la mzinga la zama za vita vya kwanza, limechorwa maua ubavuni, la kutilia mashada. "Fundi, hili ni la babu yetu, alirudi nalo kutoka Kariakoo, kwenye kikosi cha wapagazi wa vita. Halijaanguka hata siku moja, mbona limepasuka?" Nikaligeuza huku na huku. Halikuwa na bonyeo. Ufa umenyooka kutoka mdomoni kwenda chini, mwembamba kama unywele. Nikamuuliza, "Mama, huwa mnaliweka wapi?" Stoo, akasema, iliyopakana na banda la kuku.

Basi nikajua. Waingereza walipokuwa wanatawala India waliweka risasi zao kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika, na maganda yakawa yanapasuka yenyewe, bila kufyatuliwa. Miaka mingi kupita, hadi mwaka 1921 watafiti Moore, Beckinsale na Mallinson wakaeleza sababu: amonia, ile hewa yenye harufu kali inayotoka kwenye mikojo ya farasi, ikikutana na unyevu, huishambulia shaba yenye zinki ambayo bado ina mkazo ndani kutokana na kufinyangwa ikiwa baridi. Mambo matatu kwa pamoja: mkazo, unyevu, amonia. Mombasa unyevu tunao mwaka mzima. Mavi ya kuku nayo hutoa amonia kama mkojo wa farasi.

Na ganda limejaa mkazo kwa jinsi linavyozaliwa. Shaba yake ni sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Huanza kama kisahani, likapigwa kuwa kikombe, kikavutwa kwenye kalibu nyembamba zaidi na zaidi, na kati ya mvuto na mvuto lazima lilainishwe kwa moto. Kitako huachwa kigumu, mdomo ukalainishwa.

Wenye bunduki kuukuu huko Uingereza na Marekani wanalijua hili vizuri. Bunduki ya Martini-Henry, ya jeshi la Uingereza la zamani, iliyoanza kutumika 1871, risasi zake ni adimu, kwa hiyo wapo wanaochukua ganda la shaba la bunduki ya marisau, la kipimo cha geji 24, wakalibana shingo hatua kwa hatua mpaka lipate umbo. Wasipolipitisha motoni, shingo inapasuka. Lakini moto ni wa shingo tu. Ganda husimamishwa ndani ya maji ili kitako kisipate joto, maana kitako kilicholainika hakistahimili kishindo cha baruti, na aliye nyuma ya bunduki ndiye anayeumia. Naiheshimu sana kazi hiyo. Hapa kwetu risasi ni jambo la leseni, nami sigusi ganda lenye baruti wala fataki, kile kiwashio cha kitakoni, ambayo haijapigwa. Anayeniletea la namna hiyo namwambia aliweke chini, awaite polisi.

La mama yule lilikuwa tupu. Nikatoboa tundu dogo mwisho wa ufa ili usiendelee, nikaulehemu kwa lehemu ya fedha, kisha nikalipasha lote polepole, chini kabisa ya wekundu. Ukitaka tu kuondoa mkazo, joto la nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi kwa muda wa saa moja linatosha, na shaba inabaki na ugumu wake. Ukipitiliza mpaka uone moshi mweupe, hiyo ni zinki inatoka. Ni sumu, ukiuvuta moshi huo, usiku utatetemeka kwa homa. Kwa hiyo mimi hufanya kazi hii kwenye kivuli, nipate kuiona rangi ya shaba sawasawa, na mlango wazi.

Siku ya kulichukua nilimwambia asitumie dawa za kusafishia zenye harufu ya amonia. Ndimu na majivu yaliyochekechwa yanatosha, kisha maji mengi, maana ndimu ikibaki juu hula zinki na kuacha mabaka mekundu. Akaniuliza kama masinia yake mawili ya harusi, yaliyomo stoo ileile, nayo yaje. Nikamwambia ayalete kesho, kabla hayajaanza.