Piko ya hawe

Mwaka 2013 nilikua naendesha bodaboda Malindi, steji yetu ilikua njia ya Ganda. Kulikua na hawe mmoja, yani bibi kizee, hatukua tunambeba. Hakuna aliekaa akatupa sababu, ilikua inajulikana tu ni mchawi, macho mekundu, anakaa peke yake, mtoto wa jirani alikufa, basi. Mi tangu mdogo nilikatazwa hata kupokea embe mkononi mwake, na nilivyokua mkubwa nikawa nawaambia wengine vilevile, yani hapo steji mi ndo nilikua msemaji.

Siku hiyo nimeshusha abiria hospitali, natoka namkuta kakaa nje juani, jicho moja lina bandeji. Nilitaka nigeuze pikipiki nijifanye sikumuona. "Mjukuu wangu, nauli ninayo," akafungua fundo la leso akanionesha noti ya mia imeloa jasho. Nikashindwa.

Tukapita pale kwenye bustani ya Mekatilili, sanamu imesimama, bibi aliekataa amri za Mwingereza 1913 wakampeleka mpaka Kisii akarudi kwa miguu. Yeye tunamjengea sanamu.

Mbele kidogo akanigusa bega nisimame dukani. Nikajua ni sukari. "Ninunulie piko," ile rangi nyeusi ya nywele.

"Piko ya nini, hawe?"

Akairudisha leso nyuma kidogo. Nywele nyeusi, lakini pale juu ya sikio mizizi imeanza kutoka meupe, kama majivu. "Wakiziona hizi watanikata. Na mtoto wa kaka yangu analitaka shamba." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na mi nimeshika ile noti yake sijui niiweke wapi.

Kwake akaniomba nimuwashie moto manake daktari kamkataza moshi. Jiko la makuti halina dirisha, kuni mbichi, nikapuliza weee mpaka machozi. Natoka, najiangalia kwenye kioo cha pikipiki, macho mekundu kama yake. Nikakaa pale kwenye pikipiki muda mrefu. Mtu kapikia watoto wake kwenye moshi huo maisha yake yote halafu sisi tunaenda kuyasoma macho yake steji.

Manake maneno yanaanzia kwetu. Anaekuja na panga usiku hatoki mbali, kuna mahali alilisikia lile jina kwanza, na mi nilikua nalitaja nikisubiri abiria. Baadae ndo nikaja kujua hata ile sheria ya uchawi ya 1925 inasema kumuita mtu mchawi hivihivi ni kosa. Kesho yake niliwaambia wenzangu yote, na nikawaambia mi nilikua nasema uongo. Wawili waliniacha nikiongea wakaondoka. Kuanzia hapo nikawa nambeba mimi, mpaka alipofariki, kwa maradhi, kitandani kwake.

Sasa mama yangu kichwa chote mvi. Wiki iliopita kaniuliza kama anunue piko. Nikamwambia hapana mama, kaa nazo, halafu usiku sikulala, nilikua nasikiliza kila pikipiki inayopita.