Mizani Imefika Segera

Saa 10 alfajiri nimepanda mizani ya bafuni nikiwa na chupi tu, mama ananimulikia kwa simu. Kilo 62.1. Uzito wangu wa kazi ni 61.2, ule ambao Wazungu wanauhesabu ratili 135. Kwa hiyo kabla ya saa 4 asubuhi, saa ya kupimwa kwa pambano la kesho, gramu 900 lazima zitoke kwenye mwili wa mtu ambaye hajanywa maji tangu jana mchana. Zamani mama alikuwa akilia. Siku hizi anamulika, anasoma namba, anarudi kulala.

Tuelewane mapema. Mimi ni bondia wa ngumi za kulipwa, nina mkanda, na mkanda wenyewe umetundikwa juu ya rafu ya spea kwenye kibanda changu cha kutengenezea baiskeli hapa Ngamiani. Tanga ni mji wa baiskeli, na pancha ndizo zinazonilisha kati ya pambano na pambano. Watu wakisikia "bingwa" wanachungulia nje waone gari liko wapi. Vijana wa kijiweni nao wana swali moja: "Na wewe lini kama Mwakinyo?" Kwa kuwa Hassan Mwakinyo, mtoto wa hapa hapa, alikwenda Birmingham mwaka 2018 akampiga Mwingereza Sam Eggington kwa TKO, yaani mwamuzi akasimamisha pambano, raundi ya pili, basi kila anayevaa glovu Tanga anadaiwa Uingereza yake. Kwamba yeye anacheza karibu kilo 70 na mimi 61, hilo haliwahusu.

Saa 11 niko barabarani kuelekea Raskazoni. Ndani nimevaa mfuko wa taka nilioutoboa matundu ya kichwa na mikono, juu yake sweta mbili, juu yake koti la mvua. Kwa fukuto la Tanga hufiki mbali kabla viatu havijaanza kulia chwa, chwa, kwa jasho. Narudi, napima: 61.4. Hizo 200 zilizobaki ni za mate. Unatafuna bigijii, unatema kwenye chupa tupu, unatafuna, unatema. Ndiyo kazi hiyo, msicheke.

Saa 2 mzee mmoja jirani akaleta gurudumu la nyuma. Nikamwambia, "Shikamoo mzee wangu, liache hapo, jioni." Nikafunga kibanda.

Saa 4 kasorobo tuko Tangamano. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, spika zinapiga singeli, bango lina picha yangu nimekunja uso. Kila kitu kipo isipokuwa mizani.

"Inakuja," promota akasema. "Ipo kwenye basi, imefika Segera."

Sasa niwaeleze Segera, ile njia panda ya kuja Tanga, ni mbali kiasi gani kwa mtu aliyekauka. Kunywa huwezi. Kula huwezi. Hata kusinzia hufai, maana ukisinzia mdomo wazi ulimi unagandana na kaakaa na kuubandua ni maumivu. Jasho nalo limegoma. Ukigusa ngozi ni kama karatasi ya kaki. Halafu, hatua kumi kutoka nilipokaa, kuna muuza madafu. Sina ugomvi naye, anatafuta riziki. Lakini panga linapiga tak, kifuniko kinaruka, maji yanammwagikia vidoleni, naye anavikung'uta chini. Anavikung'uta chini! Nilihamisha kiti nikampa mgongo. Tak nikaendelea kuisikia.

Kocha akapendekeza tuazime mizani ya muuza mahindi. Promota akakataa: itakayotambulika ni ile ile ya kwenye basi. Nami nikizidi hata gramu 100 mbele ya watu, mkanda unabaki hapo hapo juu ya mizani na hela inakatwa. Nikaendelea kutema.

Kwenye saa 6 hivi tukaambiwa imevuka Hale. Kutoka Segera hadi Hale hata kwa baiskeli mbovu ninazoletewa huwezi kumaliza saa mbili. Basi lilikuwa limeharibika, hilo tulikuja kulijua baadaye. Kuanzia hapo saa nikaacha kuziangalia, nikawa nahesabu vituo.

Mpinzani wangu, kijana wa Morogoro, alikuwa amekaa upande wa pili wa turubai, kanga ya mtu kichwani. Wiki mbili nzima alikuwa akinitukana redioni. Akanyanyuka taratibu, akaja, sauti haitoki vizuri.

"Kaka, samahani. Una bigijii?"

Nikampa mbili. Akakaa kiti cha jirani, tukatema pamoja kimya kimya, kila mtu na chupa yake.

Kocha akaona ndiyo nafasi ya hadithi yake. Anayo moja tu na siku zote anaitoa wakati mbaya. Ni ya Kim Duk-koo, Mkorea aliyepigana na Ray Mancini kule Las Vegas mwaka 1982, kwa uzito huu huu wetu. Alihangaika sana kushusha kilo siku za mwisho, akaangushwa raundi ya 14, akafariki siku chache baadaye. Baada yake WBC, moja ya mashirika makubwa ya ngumi duniani, wakashusha mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12. Kocha anaamini kichwa kilichokauka hakihimili ngumi. "Ndiyo maana nawaambia, wanangu, mkishapima mnywe." Kijana wa Morogoro akamtazama, akanitazama mimi, akatafuna kwa nguvu zaidi.

Muheza. Singeli ikazimwa, ikawashwa. Watazamaji wakaondoka kula, wakarudi wananuka samaki wa kukaanga. Pongwe. Kichwa kinagonga, vidole vya miguu vinakakamaa. Alasiri ikaadhiniwa.

Mizani ilishuka kwenye bodaboda, imefungwa kwa mpira wa tyubu kama jogoo wa mnadani. Wakaisawazisha kwa vipande vya boksi. Taulo likashikwa, nikavua kila kitu. 61.1. Mwenzangu 61.2 kavu. Kisha wapiga picha wakataka tukaziane macho, tukakaziana, pua kwa pua, yeye ananinyooshea kidole na mdomoni bado ana bigijii yangu.

Dafu la kwanza kocha alilishika mwenyewe. "Kidogo kidogo, baba." Sikumbuki ladha, nakumbuka baridi ikishuka kifuani. La pili nililishika mimi.

Nusu ya malipo yangu ilikuwa itolewe siku ya kupima. Nikamfuata promota. "Kesho, bingwa, kesho."

Nilifika nyumbani giza limeshaingia. Mama alikuwa amepika ubwabwa na mchuzi wa samaki. Nikala, nikalala pale pale mkekani, hadi nikasikia hodi. Yule mzee.

"Bingwa, ule mpira tayari?"

Nikajaza karai maji, nikazamisha tyubu, nikaizungusha taratibu mpaka povu likatoka. Tundu lilikuwa dogo, la mwiba. Akanipa buku.

"Kesho ukampige," akasema.

Ndiyo hela pekee niliyoshika siku ile.