Roboti zenye akili mnemba: Mtwara na Lindi tuzitegemee lini?

Oktoba 2025 kampuni ya 1X ilifungua oda za NEO, roboti ya nyumbani yenye mikono na miguu, kwa dola 20,000. Tangu hapo swali limekuwa lile lile: na huku kwetu lini? Nalijibu kwa kugawa. Roboti isiyo na miguu, inayofanya kazi moja tu, inanunulika leo, na mwenye kiwanda cha korosho ana sababu ya kuifikiria sasa hivi. Ile yenye umbo la mtu, kwa nyumba ya kawaida ya Mikindani au Nachingwea, nisingeitegemea kabla ya 2035. Na kinachochelewesha si akili peke yake. Ni mkono, betri na fundi.

Tuanze kiwandani. Korosho ikishabanguliwa, ikakaushwa na kumenywa ngozi ya ndani, hubaki kazi ya kuchambua, na hapo ndipo mashine ya kamera huingia. Punje humwagwa juu, hutetemeshwa zikajipanga, kisha huteremka kwenye mifereji. Kila inapoanguka punje, kamera huipiga picha, programu huamua kama ni nyeupe, imeungua, ina doa au imebaki na ngozi, na tundu dogo la hewa hupuliza mbovu pembeni. Hii ni roboti kamili, ingawa haina uso wala jina.

Mashine za zamani zilipangiwa kiwango cha rangi tu. Za sasa hufundishwa kwa mifano, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Chambua kwa mkono kilo chache za korosho safi kabisa, uzipitishe. Halafu pitisha mbovu kwa makundi: zilizoungua peke yake, zenye madoa peke yake, zenye ngozi peke yake, zilizoliwa na wadudu peke yake. Ukizichanganya, mashine itajifunza kwamba "mbovu" ni kitu kimoja, nayo itakuwa inatupa nzuri. Somo hilo lirudiwe kila msimu na kila mzigo uliolala ghalani, maana korosho iliyokaa hubadilika rangi. Mashine iliyofundishwa kwa mzigo wa Novemba itaukataa wa Mei hata kama ni mzuri. Zilizotupwa zipitishwe mara ya pili, kwa sababu hewa inayopuliza mbovu moja mara nyingi huondoka na jirani yake.

Kinachoiua mashine hii pwani ni unyevu. Kompresa huvuta hewa ya Mtwara ilivyo, maji hujikusanya kwenye tangi, yakifika kwenye valvu zinazoachia hewa ya kupuliza, nazo hukwama. Dalili yake ni rahisi kuitambua: mbovu zinapita kwenye mfereji mmoja tu huku mingine ikiwa sawa. Usikimbilie kubadilisha programu. Fungua koki ya tangi kila asubuhi kabla ya kuwasha, weka kikausha hewa na filta kati ya kompresa na mashine, na futa vioo vya kamera kwa kitambaa laini kikavu kila mapumziko, kwani vumbi la ngozi ya korosho huganda. La mwisho ni waya wa ardhi. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, hivyo fimbo moja fupi ya kuzamisha ardhini haitoshi. Mwambie fundi azamishe ndefu zaidi, au kadhaa zilizounganishwa, kisha apime kwa kifaa, asikisie kwa macho.

Kwenye meza za kuchambua wamekaa akina mama wengi, na jambo hili linanigusa. Mwenye kiwanda akiwa na fedha ya mashine moja, ningemshauri aanze na kubangua, ambako mafuta ya ganda huunguza vidole, kabla ya kuigusa meza ya kuchambua. Akifika huko, hao hao akina mama ndio wanaojua korosho mbovu ikoje. Wao ndio wawe walimu wa mashine na wakaguzi wa mwisho, na walipwe kwa ujuzi huo.

Shambani, droni za kupulizia dawa zinawezekana leo, lakini kwa dawa ya maji, kwani salfa ya unga ni hatari kwa mota na hushika moto. Droni yenye tangi la lita 40 hubeba betri ya takriban kilowati-saa 1.5 inayoisha ndani ya dakika chache ikiwa na mzigo. Kuijaza kwa dakika 10 kunadai jenereta ya zaidi ya kilowati 9. Kwa hiyo ni huduma ya kukodi kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima. Na haipai bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Sasa tuje kwa roboti yenye umbo la mtu. Kampuni ya Unitree ya China ilitoa roboti ya G1 mwaka 2024 kwa dola 16,000, na Julai 2025 ikatangaza R1 kwa dola 5,900. Bei inashuka kweli. Lakini mkono wa G1 hubeba kilo 2 hadi 3, na betri yake hudumu kama saa 2. Gunia la korosho lina kilo 80. NEO, kwa kiwango cha shilingi 2,500 kwa dola, ni milioni 50 kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18. Ukiigawa kwa miezi 36 ni karibu shilingi milioni 1.4 kila mwezi, bado matengenezo.

Tena kazi ikiishinda NEO, mtu aliye mbali huiongoza kupitia kamera zake. Hilo linahitaji intaneti isiyokatika, na linamaanisha mgeni anaona sebule yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, nawe uliza picha zinahifadhiwa wapi kabla ya kulipa. Chanzo cha roboti kushindwa kazi za mikono ni kwamba programu za lugha, kama ChatGPT, zilijifunza kutokana na maandishi yaliyokwisha kuandikwa, ilhali hakuna hazina kama hiyo ya vidole vinavyosonga ugali au kukuna nazi. Ndiyo maana roboti zaidi ya milioni moja za Amazon zinafanya kazi kwenye maghala yaliyosakafiwa na kupangwa kwa ajili yake.

Nyumbani, cha kununua sasa ni roboti ya kufagia, na kwa sharti la sakafu. Nyingi huvuka kizingiti cha sentimita 2 tu. Nyuzi za pindo la mkeka hunasa kwenye brashi, basi kunja mkeka kwanza. Kwenye marumaru nyeusi husimama na kukataa kuendelea, kwa kuwa vihisi vya chini hudhani ni shimo. Mchanga hujaza kikasha upesi. Kimwage kila baada ya chumba na ukung'ute filta. Nyingi hushika Wi-Fi ya 2.4 GHz pekee, kwa hiyo badilisha mpangilio wa hotspoti ya simu kabla ya kusema roboti ni mbovu. Hewa ya chumvi hutia kutu vidoti vya chaji. Vifute kila wiki kwa spiriti. Chaja ichomekwe kwenye frijigadi, kile kifaa cha kulinda vyombo dhidi ya umeme usio sawa, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo ndio unaounguza, kuliko ule ulio mdogo.

Ukiagiza kutoka nje, tazama betri kwanza. Ya kufagia kwa kawaida iko chini ya wati-saa 100 na husafirishwa bila usumbufu mkubwa. Ya roboti ya miguu inazidi hapo mara kadhaa, hivyo huhesabiwa mzigo wa hatari na hudai nyaraka zake. Agiza betri ya akiba, brashi mbili na filta sita katika mzigo ule ule, na mtake muuzaji akuandikie kama roboti itaendelea kufanya kazi siku kampuni itakapozima seva zake.