Tuliyomuuliza Daktari Kabla ya Kulipia MRI ya Mgongo

Mama yangu mdogo aliandikiwa kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, baada ya kuumwa kiuno kwa majuma machache, na mara karatasi ile ilipofika nyumbani yakazuka mabishano ambayo nadhani familia nyingi za Dar es Salaam zinayafahamu. Wapo waliodai kwamba hospitali binafsi huandika vipimo vikubwa ili mashine irudishe fedha iliyonunuliwa nayo, na wapo walioshikilia kwamba daktari anayemruhusu mgonjwa aende na dawa za maumivu tu hajamhudumia. Mgonjwa mwenyewe alikuwa na lake: alikuwa amesikia kwamba mtu huingizwa ndani ya bomba, naye alitaka kujua kama kuna ulazima.

Hofu ya mashine ni rahisi kuijibu. MRI haitumii mionzi kama eksirei au CT scan, bali sumaku yenye nguvu kubwa pamoja na mawimbi ya redio. Kipimo cha mgongo wa chini huchukua takriban nusu saa, kelele zake ni kama za fundi anayegonga bati, na mgonjwa hupewa vizibo vya masikio pamoja na kitufe cha kuwaita wahudumu akizidiwa. Jambo la kuhofia kweli ni chuma kilichomo mwilini, kwa mfano betri ya moyo au kipande cha chuma kilichoingia jichoni, jambo ambalo mafundi wa kuchomelea hawapaswi kulisahau wanapojaza fomu.

Jambo zito zaidi ni kwamba picha ya MRI huona mengi kuliko yanayouma. Mwaka 1994, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliowapima watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, na ni asilimia 36 tu kati yao waliokutwa na diski zote, yaani vile vipande laini vilivyo kati ya pingili za mgongo, zikiwa za kawaida. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliyojumuisha zaidi ya watu 3,000 wasio na maumivu, yalionyesha kwamba dalili za kuchakaa kwa diski zilikuwapo kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa mwanamke wa umri wa mama mdogo, basi, ilikuwa karibu hakika kwamba majibu yangesema diski fulani imechakaa au imetokeza, na sentensi hiyo ingetosha kumfanya aache kuinama, aache kufua, na aanze kuulizia upasuaji ambao huenda haumhusu. Ndiyo maana miongozo ya Uingereza na Marekani haishauri kipimo hiki kwa kila anayeumwa kiuno, kwa kuwa wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache.

Hata hivyo, miongozo hiyo imeandikwa katika nchi ambazo kifua kikuu si ugonjwa wa kila siku. Kwetu sisi kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo, na maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito hayapaswi kupewa muda wa kungojewa. Vivyo hivyo kwa mtu aliyewahi kuugua saratani, aliyeanguka vibaya, au ambaye mguu wake unazidi kukosa nguvu. Na anayeshindwa kukojoa au kuzuia haja, au anayehisi ganzi katika sehemu za kukalia, huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Kwake MRI ni ya lazima, wala si wakati wa kubishania gharama.

Tulirudi kwa daktari yule yule, kijana mpole aliyeanza kwa kumwamkia shikamoo, na mama mdogo akamuuliza bila kuzunguka: "Mwanangu, hiyo picha ikionyesha tatizo, dawa utakazonipa zitabadilika?" Sikuona dalili yoyote ya kukasirika. Alimwomba atembee kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole, akamlaza na kuinua mguu mmoja baada ya mwingine ukiwa umenyooka, akagonga magoti kwa kinyundo cha mpira, akauliza habari za haja, homa, kikohozi na uzito. Uchunguzi huo ulipaswa kutangulia karatasi ya kipimo, na sioni sababu ya kuona haya kulisema. Alipomaliza alikiri kwamba kwa hali ile picha isingebadilisha matibabu, akaongeza kwamba wagonjwa wengi wakitoka bila kipimo hulalamika kuwa hawakutibiwa. Namwamini, kwa sababu nusu ya ukoo wetu ingelalamika hivyo hivyo.

Waliafikiana kwamba ahudhurie mazoezi ya tiba, aendelee na shughuli zake kadiri anavyoweza badala ya kulala kutwa, na arudi baada ya wiki sita, au mapema zaidi akiona mojawapo ya dalili nilizozitaja. Karatasi ya MRI haikuchanwa. Imehifadhiwa pamoja na kadi yake ya kliniki. Mjomba mmoja, hata hivyo, ameshatangaza kwamba siku akiumwa yeye ataanzia kwenye mashine.