Tarakimu Ishirini za Luku

Luku, umeme wa kulipia kabla, ilituishia saa mbili usiku, nyumbani Nkuhungu, Dodoma, mwaka 2014. Nilikuwa kidato cha pili. Mama alikuwa anasonga ugali wa uwele, na Mjomba, mwalimu wa hisabati huko Kongwa, alikuwa amefika jioni ile kulala kwetu.

Mama akanunua umeme kwa simu. Simu yenyewe ndiyo iliyokuwa tochi yake jikoni, kwa hiyo nikanakili namba kwenye karatasi, nikatoka nje kwenye mita. Ikakataa. Nikaingiza tena, ikakataa. Nikarudi kulinganisha karatasi na simu, nikaona ziko sawa kabisa.

"Macho yamechoka," Mjomba akasema. "Jumlisha tarakimu zako zote, na mimi nijumlishe za kwenye simu."

Nikapata 90. Naye 90.

"Si nilisema, Mjomba? Iko sawa."

"Bado. Ukipindua tarakimu mbili, jumla haibadiliki. Sasa jumlisha zilizo nafasi witiri, yaani ya kwanza, ya tatu, ya tano, halafu toa jumla ya zilizo nafasi shufwa."

Nikapata 54 kutoa 36, yaani 18. Yeye akapata 51 kutoa 39: 12. Nywele zilinisimama. Karatasi moja, simu moja, na sasa namba mbili tofauti!

Akaniambia tofauti ni 6. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tofauti yao huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo zimeachana kwa 3. "Zitafute."

Nilikuwa nimeandika 5093 1478 2266 7051 3894. Nikapitisha kidole. Jirani walioachana kwa 3 walikuwa mahali pawili tu, katika fungu la pili: 1 na 4, kisha 4 na 7. Tukatazama simu: 1748. Nilikuwa nimepindua 7 na 4.

Mita ikapokea, taa zikawaka. Sikwenda kula. Nilitaka kujua kwa nini, na Mjomba akanieleza akiwa ameshika tonge mkononi: 10 ni 9 na moja juu, ndiyo maana jumla ya tarakimu hutoa baki lile lile ambalo namba nzima hutoa ukigawanya kwa 9. Lakini 10 ni 11 pungufu moja, ndiyo maana kwa 11 unajumlisha na kutoa kwa zamu. Miaka mingi baadaye nilikuta hesabu hizi za baki zimepangwa vizuri na mwanahisabati Gauss katika kitabu chake cha 1801, na nilizijua kama mtu anavyoijua sauti ya ndugu yake.

Usiku ule nilibaki na ile namba sahihi ya kwenye simu, trilioni milioni hamsini na ushei. Jumla yake 90, inayogawanyika kwa 9, nayo inaishia na 4, kwa hiyo ni shufwa. Basi lazima igawanyike kwa 18. Nikaigawanya kwa mkono mpaka tarakimu ya mwisho: 2,829,541,568,148,361,883, na hakikubaki kitu. Mlenda ulikuwa umepoa.