Prado ya watoto watano: siku moja kazini Fuoni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua kibanda changu hapa Fuoni, Unguja, ambapo kazi yangu ni kusafisha magari kwa ndani, pale Toyota Prado ya mwaka 2007 ilipoingia uani ikiendeshwa na mama mmoja wa Mbweni. Ni gari la viti vinane, na yeye ana watoto watano. Baada ya salamu akaniambia: "Fundi, nakuomba uniondolee hii harufu. Tukienda shamba, hatufiki Tunguu ila kiziwanda wangu ameshatapika." Nilimwomba aniachie gari mpaka jioni, kwa kuwa harufu inayomtapisha mtoto haiondoki kwa kupulizia marashi, na mimi sikubali kazi ya namna hiyo.

Saa moja tulianza kutoa vitu: ndoo ya kuchezea, mtandio, viatu vya kushoto viwili visivyo na wenzao, na kokwa za ubuyu zilizoganda kwenye mfuko wa mlango. Kisha ukaja mchanga. Familia ilikuwa imetoka Paje siku moja kabla, na mchanga wa pwani ile ni mweupe na laini mithili ya unga, kiasi kwamba ukiusugua kwa brashi ngumu unazidi kuuzamisha ndani ya zulia. Sisi huufungua kwa upepo wa kompresa, tukianzia mbele na kurudi nyuma huku milango yote iko wazi, na mashine ya kufyonza vumbi ikifuata nyuma ya upepo. Viti vya safu ya tatu, ambavyo katika Prado hii hukunjwa na kuegemezwa pembeni, huficha mchanga mwingi kuliko mahali pengine popote, hasa kwenye bawaba zake. Tulitumia saa nzima na nusu bila kugusa tone la maji, kwa sababu mchanga ukishalowa hugeuka tope na kazi huwa mara mbili.

Saa tatu nilitenganisha waya hasi wa betri ili tung'oe viti vya mbele. Chini ya viti hivyo kuna soketi za njano za mifuko ya hewa, ile inayofutuka wakati wa ajali, na Toyota wenyewe wanaelekeza usubiri angalau sekunde 90 baada ya kutoa waya ule kabla ya kuzigusa. Mimi husubiri dakika tano, na kijana wangu nimemfundisha vivyo hivyo.

Tuliponyanyua zulia, tukaikuta harufu yenyewe. Juu lilikuwa kavu kabisa, lakini sufi iliyo chini yake ilikuwa chepechepe, nyeusi kwa ukungu, na reli za viti zimeanza kushika kutu. Mama alikuwa amenieleza kwamba mwezi uliopita gari lilioshwa mahali fulani na ndani likapigwa mpira wa maji. Jambo hili linanisikitisha kila ninapoliona, kwani hewa ya kisiwani ina unyevu mwingi, na chumvi inayoletwa na miguu na mataulo ya baharini huvuta unyevu huo ikaushika. Hivyo sufi ikishalowa inaweza kukaa wiki kadhaa bila kukauka, hata juani. Tuliisuuza kwa maji baridi kidogo kidogo, tukayafyonza, tukarudia mara tatu mpaka maji yaliyotoka hayakuwa na ladha ya chumvi. (Ndiyo, naonja kwa ncha ya ulimi, sina kipimo kingine.) Kisha tukalitegemeza zulia kwa vipande vya mbao na kuelekeza feni mbili chini yake.

Saa tano kijana aliniita kwa sauti ya hofu. Kwenye kiti cha nyuma palikuwa na doa la manjano, naye alipolipuliza sabuni likageuka jekundu kama damu. Nilimwambia: "Usiogope mwanangu, hiyo ni urojo." Mchuzi huo wa Kizanzibari hutiwa bizari ya manjano, na bizari hiyo ikikutana na sabuni kali hubadilika rangi, na ukiipaka maji ya ndimu hurudi kuwa ya manjano. Tulifanya hivyo, tukaligandamiza kwa kitambaa cheupe bila kusugua, kisha tukakisogeza kiti kile penye jua, kwa kuwa rangi ya bizari haistahimili mwanga.

Baada ya sala ya adhuhuri na chakula, kazi ilikwenda haraka. Dari nililipangusa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, maana gundi yake ikilowa dari huning'inia. Mikanda tuliivuta mpaka mwisho, tukaisugua na kuiacha nje ikauke. Nyuma ya kisanduku cha dashibodi nilichomoa chujio la kiyoyozi, ambalo lilikuwa limejaa majani na vumbi. Hilo halioshwi, hubadilishwa. Dashibodi sikuipaka mafuta ya kung'arisha, kwa sababu hushika vumbi na kumrudishia dereva mwanga machoni kupitia kioo.

Saa kumi na nusu niliingiza karatasi kavu chini ya zulia, nikaikanyaga kwa uzito wangu wote na kuitoa. Ilikuwa na unyevu upande mmoja. Feni zikaendelea kwa saa nzima nyingine, nikaijaribu tena, ikatoka kavu, ndipo tukarudisha viti, soketi, na mwisho kabisa waya wa betri.

Mama alirudi karibu na magharibi akiwa na kiziwanda wake, ambaye alipanda mwenyewe safu ya tatu, akanusa, akakaa. Nilimwonyesha mama kivuli cha manjano kilichobaki kwenye kiti, nikamwomba aliegeshe gari juani kwa siku tatu, vioo vikiwa wazi kidogo, na mataulo ya pwani yapande garini yakiwa ndani ya ndoo yenye kifuniko.