Tulivyopima sukari vijijini Kibosho bila sampuli kuharibika

Ukisema unafanya kazi kwenye maabara ya umetaboli, yaani jinsi mwili unavyotumia chakula, chuo kikuu, wengi hapa Moshi wanamfikiria profesa tu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na ninaandika kuhusu wengine, maana kazi iliyotutoa jasho kuliko zote isingefika popote bila wao.

Tulikuwa tunapima jinsi miili ya watu wazima wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, inavyohimili sukari. Mshiriki anakuja hajala tangu saa mbili usiku. Anatolewa damu, anakunywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa kwenye maji, anayamaliza ndani ya dakika tano, anakaa saa mbili, anatolewa damu tena. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, ikifika milimoli 11.1 kwa lita baada ya saa hizo mbili, hicho ni kiwango cha kisukari. Kuanzia 7.8 mpaka chini kidogo ya hapo, mwili umeshaanza kulemewa.

Shida ni kwamba damu ikiwa kwenye tyubu bado iko hai. Chembe zake zinaendelea kula sukari, na kwenye joto la kawaida inaweza kupungua kwa asilimia 5 hadi 7 kila saa. Tyubu za kifuniko cha kijivu zina floraidi, kemikali ya kuzuia hilo, na wengi wanaamini hiyo inatosha. Haitoshi. Floraidi inafunga hatua ya mbali katika uvunjaji wa glukosi, kwa hiyo saa ya kwanza na hata zaidi sukari bado inashuka. Sasa chukua barabara za udongo za huko juu wakati wa masika. Mgonjwa angeweza kuandikwa mzima kwa sababu tu gari limekwama kwenye tope!

Aliyetufungua macho ni dereva. Alituuliza kwa nini damu ndiyo isafirishwe wakati mashine nayo inaweza kupakiwa kwenye gari. Tukaichukua sentrifuji ndogo, mashine inayozungusha tyubu kwa kasi, na jenereta, tukaweka kambi kwenye zahanati. Fundi wa vifaa alikataa katakata kuiwasha mpaka meza ikae sawa. Aliweka glasi ya maji juu yake, akainama kuangalia maji yameegemea upande gani, akasukuma vipande vya mbao chini ya miguu mpaka akaridhika. Tangu hapo tyubu ikitoka mkononi mwa muuguzi inaingia kwenye barafu, na ndani ya nusu saa imeshazungushwa na plazma, yaani majimaji ya damu, imetengwa na chembe zinazokula sukari. Safari ya kwenda kwenye friza ya mjini haikututisha tena.

Lakini mashine haiwezi kumfanya mtu alale bila kula. Hapo ndipo nilipomheshimu zaidi mama anayefanya usafi maabara kwetu, ambaye ni mzaliwa wa Kibosho. Sisi tulikuwa tunauliza, "Umekula?" na watu wanajibu hapana kwa moyo mweupe, kwa sababu kwao chai si chakula. Yeye alianza kuwapigia simu jioni: "Mama, shikamoo. Ikishafika saa mbili ni maji matupu. Chai ya rangi hapana, mbege hapana." Na akaongeza jambo ambalo hakuna mtafiti aliyeliwaza: "Majani ya ng'ombe kata leo leo, kesho hutaruhusiwa kutoka." Kumbe ndicho kilichokuwa kinawaondoa kinamama katikati ya zile saa mbili, na ukitembea na kubeba mzigo majibu yanabadilika.

Muuguzi wetu naye ana subira ya ajabu. Ule utamu unachefua, na mtu akitapika kipimo kinarudiwa siku nyingine. Alikuwa anakaa pembeni ya mzee, kikombe kwa kikombe: "Babu, usiharakishe, dakika bado unazo." Damu ya mwisho ikishatoka, mtori wa moto unakuwa tayari.

Waliokutwa na sukari ya juu walipewa barua ya kwenda hospitali, na dereva alikuwa akiwashusha mlangoni. Nimeomba majina yake na ya yule mama yaingie kwenye shukrani za ripoti, na profesa amekubali. Awamu inayofuata ni Uru, na mama ndiye atakayetangulia kuonana na wenyeviti wa vitongoji.